Mwenyeji Ni Nani? Uhakiki wa Istilahi za Huduma za Mazungumzo ya Papo kwa Papo

Katika makala haya tunakusudia kukihakiki kikundi kidogo cha istilahi zilizoingia katika Kiswahili, nyingi zao bila kupiga hodi, na ambazo leo hutumika katika programu zilizotafsiriwa, magazetini na hata vyuoni kana kwamba zimekwisha kupimwa na kukubaliwa. Ni maneno yahusuyo huduma za mazungumzo ya papo kwa papo, hasa zile zitumiwazo na jumuiya za programu huria katika kazi yao ya kila siku. Kubwa lao ni mwenyeji. Wenzake ni uhifadhi, upangishaji na kikoa. Shabaha yetu si kuwacheka walioyatumia kwanza, maana wao walifanya kazi pale ambapo sisi tulikuwa tumekaa kimya. Tunachodai ni kwamba maneno haya, kila moja kwa namna yake, humficha msomaji jambo limpasalo kulijua kabla ya kuingia katika huduma yoyote ya aina hiyo: nyumba ni ya nani, na ufunguo anao nani.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini jambo hilo ni zito. Jumuiya ya programu huria ni watu waandikao programu ambayo msimbo wake u wazi kwa kila mtu kuusoma, kuusahihisha na kuugawa. (Tunasema huria, wala si bure, Kiingereza hulazimika kuieleza tofauti hiyo kila siku kwa kuwa kina neno moja kwa maana zote mbili, ilhali sisi tunayo huru na bure, na hakuna mtoto ayachanganyaye.) Aghalabu watu hao hawajaonana uso kwa uso. Hawana ofisi, hawana ukumbi, na wengi hawana mshahara utokanao na kazi hiyo. Walicho nacho ni mahali pa kuzungumzia. Hapo ndipo mgeni aulizapo swali lake la kwanza, ndipo kosa la usiku wa manane ligunduliwapo, ndipo wawili wabishanao wapatanishwapo. Wafasiri wa Kiswahili nao wamo. Tangu Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa kazi ya mradi uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu atakaye kutafsiri programu huria kwa Kiswahili hana budi kujua wenye programu hiyo huzungumzia wapi. Mahali hapo pakichukuliwa na mtu mwingine, jumuiya haipotezi maongezi tu. Hupoteza anwani ambayo watu wote wanaijua.

Mojawapo ya huduma kongwe za namna hii ni IRC, iliyobuniwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, nchini Finland, mwezi Agosti 1988. Kanuni zake ziliandikwa mwaka 1993 katika waraka uitwao RFC 1459. Utendaji wake ni mwepesi kueleza. Seva kadhaa huunganishwa mfano wa mti, kila tawi likishikana na lingine kwa njia moja tu. Mtumiaji hujiunga na seva iliyo karibu naye, akaingia katika chaneli, na kila asemalo hupitishwa kutoka seva hadi seva mpaka liwafikie wote waliomo. Kiungo kimoja kikikatika, mti hugawanyika pande mbili, na watu waliokuwa wakizungumza hujikuta kila upande peke yake mpaka kiungo kirudi. Jambo la kushika hapa ni kwamba seva ya IRC, ikisha kuyapitisha maneno, huyasahau. Aliyechelewa hana cha kukuta.

Sasa tulipime neno la kwanza. Baadhi ya wafasiri huiita kazi ya kuiweka huduma kama hii katika seva uhifadhi. Kuhifadhi, kwa Kiswahili, ni kukiweka kitu kisipotee: mtu huhifadhi Kurani moyoni, na idara huhifadhi nyaraka zake. Seva ya IRC haihifadhi mazungumzo hata kidogo. Itakuwaje basi huduma isiyoweka kitu iitwe uhifadhi? Na hatari yake si ya kinadharia. Mwanachama mpya aambiwaye kwamba mazungumzo ya jumuiya yamehifadhiwa mahali fulani ataamini kwamba siku akiyataka atayapata. Hatayapata, isipokuwa mmoja wa waliokuwapo awe ameyaandika katika kompyuta yake mwenyewe.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo mitandao mingi ya IRC huliweka, nalo ni daftari. Katika daftari hilo huandikwa kwamba jina fulani ni la mtumiaji fulani na chaneli fulani imesajiliwa na fulani. Kwa kitabu hicho tu ndipo mtu ajulikanavyo kuwa ni yeye. Anayelishika daftari ndiye anayeweza kusema nani ni nani. Tunamwomba msomaji alikumbuke daftari hilo, kwa sababu tutalirudia.

Ama kwa upande wa mwenyeji, hapana shaka kwamba neno ni zuri na ni letu. Asili yake ni mwenye mji. Lilichaguliwa kwa kuwa neno la Kiingereza litumikalo kwa shughuli hii lina maana hiyohiyo ya mtu apokeaye wageni. Lakini maneno mawili yanaweza kukutana katika maana moja na kuachana katika nyingine zote. Mwenyeji wa Kiswahili si lazima awe mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja Kariakoo ni mwenyeji kamili kwa ndugu yake atokaye shamba: humpokea, humwonyesha njia, humlisha. Mwenyeji ni mtu aliyetangulia kufika na ajuaye mahali. Uenyeji ni ujuzi na wema. Umiliki ni jambo jingine, na Kiswahili hakijawahi kuyachanganya. Tunaposema katika maandishi ya kompyuta kwamba kampuni au chama fulani ndicho mwenyeji wa huduma, tumesema kwamba kinatupokea vyema. Hatujasema kama kinaweza kutufukuza.

Kisa cha mtandao wa Freenode kinaonyesha ubaya wa pengo hilo kuliko mfano wowote tuwezao kuutunga. Mtandao huo ulianza katika miaka ya 1990 kwa juhudi za Rob Levin, ukaitwa Open Projects Network mwaka 1998, na mwaka 2002 ukachukua jina la Freenode. Kwa miaka mingi ulikuwa makao ya mazungumzo ya jumuiya nyingi mno za programu huria, na makumi ya maelfu ya watu walikuwamo kwa wakati mmoja. Seva zake nyingi zilikuwa msaada wa wafadhili. Waliouendesha usiku na mchana walikuwa watu wa kujitolea. Levin alifariki mwaka 2006, na kazi ikaendelea mikononi mwa wenzake. Baadaye ikaanzishwa kampuni yenye jina la mtandao, na kampuni hiyo ikafika mikononi mwa Andrew Lee, mmojawapo wa waanzilishi wa kampuni ya Private Internet Access ambayo mwaka 2017 ilikuwa imetangaza ushirikiano na Freenode.

Mwaka 2021 swali ambalo halikuwahi kuulizwa kwa sauti likaulizwa. Waendesha mtandao walisema kwamba kampuni ile haikuwa na mamlaka juu ya mtandao wenyewe. Lee akasema kwamba yeye ndiye mmiliki halali, na kwamba hakunyakua kitu cha mtu. Tarehe 19 Mei 2021 wengi wa waendeshaji walijiuzulu na siku hiyohiyo wakafungua mtandao mwingine, Libera Chat, ulio chini ya chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Sweden. Wiki moja baadaye, mamia ya chaneli za Freenode ambazo tangazo lao lilitaja Libera Chat zilichukuliwa na uongozi mpya. Mwezi Juni mtandao wa Freenode ukahamishiwa programu nyingine na daftari la zamani likaachwa. Majina na chaneli zilizosajiliwa kwa miaka mingi zikawa hazina mwenyewe. Ubuntu, Gentoo, jumuiya za Wikimedia na mradi wa GNU zilikuwa miongoni mwa waliohamia Libera Chat. (Debian hawakuguswa sana, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuhamia mtandao wa OFTC tangu 2006.)

Hatuamui hapa nani alikuwa na haki kisheria. Hiyo si kazi ya jarida la istilahi. Tunauliza swali letu dogo: katika kisa hiki, mwenyeji alikuwa nani? Wafadhili walikuwa na mashine. Waendeshaji walikuwa na ujuzi, mazoea na imani ya watu. Kampuni ilidai jina. Na aliyelishika daftari ndiye aliyeweza kuifunga chaneli au kuifungua. Wote wanne wanastahili kuitwa mwenyeji kwa kipimo cha wafasiri wetu, na wote wanne wakiitwa hivyo habari nzima inageuka fumbo. Mwandishi wa gazeti angelazimika kuandika kwamba mwenyeji alimfukuza mwenyeji kutoka kwa mwenyeji.

Mkanganyiko wa pili katika kisa hichohicho ni wa neno opereta. Kanuni za IRC humtambua opereta wa chaneli, yaani mwanajumuiya aliyepewa kazi ya kutunza utulivu katika chaneli yake, na pia opereta wa mtandao, ambaye mamlaka yake hupita chaneli zote. Yaliyotokea mwezi Mei 2021 ni kwamba mamlaka ya pili ilitumika juu ya ile ya kwanza. Mtafsiri akitohoa neno moja kwa wote wawili, ameufuta ugomvi wenyewe. Sisi tunaonelea wa kwanza aitwe msimamizi wa chaneli na wa pili mwendesha mtandao, kama tulivyokwisha kufanya hapo juu bila kumsumbua msomaji.

Sasa tufike kwenye kikoa, neno ambalo limetushughulisha zaidi ya mengine. Linatumika leo kwa jina lile lisajiliwalo ambalo kwalo kompyuta hupata seva katika intaneti. Katika kisa cha Freenode kila kitu kiliegemea hapo, maana watu wote duniani walikuwa wameelekeza programu zao kwenye jina hilo, na mwenye jina aliweza kuwapeleka kwenye seva azitakazo. Sikio lisilozoea hudhani kikoa ni mkoa mdogo. Lakini neno kikoa ni la zamani, na wazee wa pwani wanalijua: ni chakula kiliwacho na watu kwa kushirikiana, leo kwa fulani, kesho kwa fulani, kila mmoja akitoa kwa zamu yake. Kula kikoa ni kinyume cha kula peke yako. Ndiyo kusema kwamba tumelichukua neno la chakula cha zamu tukalivika kitu ambacho hakina zamu, kilichosajiliwa kwa mtu au shirika, chenye kuuzwa na kununuliwa. Mtu asiyejua atasoma kwamba jumuiya ina kikoa chake, naye atafikiri kwamba kila mmoja ana fungu.

Je, tuliondoe? Limekwisha kuenea, na sisi si miongoni mwa waaminio kwamba kamati inaweza kulirudisha neno lililokwisha kutoka. Tunaloomba ni kwamba popote penye suala la haki, mwandishi aseme jina lililosajiliwa na amtaje aliyesajiliwa. Neno refu si dhambi likiwa linasema kweli. Na kama twataka kuilipa kikoa fadhila yake, ipo mitandao ambayo kwa hakika huendeshwa kikoa, seva ya huyu mwezi huu na ya yule mwezi ujao. Huko ndiko neno hili lingekuwa kwake.

Yapo pia maneno ambayo tunayo na hatuyatumii. Sheria na desturi za pwani zina wakfu na amana. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na jina lake lenyewe latufundisha kwamba mambo hayo ni mawili. Mali ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Msimamizi wake hupita, mali hubaki. Amana ni ya mwenyewe aliyeiweka, na aliyeipokea huirudisha itakapotakiwa. Sasa tuutazame mtandao wa mazungumzo. Jina likisajiliwa kwa chama ambacho katiba yake inakataza kuliuza, limekaribia wakfu. Daftari la majina, kwa upande wake, ni amana kabisa: majina yale ni ya watumiaji, na mwendesha mtandao ameyashika tu. Tungekuwa tumezoea kusema daftari la amana, nani angethubutu kulitupa bila kuulizwa?

Hatusemi kwamba upangishaji nao hauna mahali pake. Mahali unao, na mfano wake ni Mozilla. Shirika hilo lilikuwa na mtandao wake wa IRC, ulioendeshwa na watu wake lenyewe. Mwaka 2019 lilitangaza kwamba litauacha, miongoni mwa sababu zikiwa ugumu wake kwa wageni na uchache wa kinga dhidi ya watukanaji, na mwezi Machi 2020 likauzima. Mahali pake likachagua huduma ya Matrix, na seva ikawekwa chini ya uangalizi wa kampuni ya watunzi wa Matrix, ambayo leo huitwa Element, kwa jina la Mozilla yenyewe. Hapa yupo mwenye mashine, yupo mpangaji alipaye, na mpangaji ameingia na kibao chake cha mlangoni, ambacho akihama atahama nacho. Huo ni upangishaji bila ubishi. Lakini msaada wa wafadhili wa Freenode haukuwa upangishaji, kwa kuwa hapakuwa na kodi wala mkataba wa kodi. Na chama cha Libera Chat hakimpangishi mtu. Kulitumia neno hili kwa kila huduma ni kumfanya kila mtu mteja.

Matrix yenyewe imeleta neno jingine, shirikisho. Huduma hiyo, iliyoanza mwaka 2014, haina kituo kimoja. Chumba cha mazungumzo hakikai katika seva moja. Kila seva yenye mwanachama chumbani huweka nakala yake, na seva moja ikizimika zilizobaki huendelea. (Huku, basi, uhifadhi una kweli ndani yake.) Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia shirikisho husikia serikali ya juu iliyokabidhiwa mamlaka na nchi wanachama, na katika Matrix hakuna serikali ya juu ya namna hiyo. Kilichopo kinafanana zaidi na ujirani: kila mtu na nyumba yake, na habari za mtaa zimo katika kila nyumba. Tumewahi kusikia ikipendekezwa kuziita seva za ujima. Tunaona hilo limevuka mpaka, maana ujima ni wa kazi ya pamoja, na hapa kila seva inafanya kazi yake yenyewe. Seva shirika litatosha kwa sasa.

Hata huko, hata hivyo, swali la nyumba halikuisha. Kila mtumiaji wa Matrix ana seva atokayo, na jina lake hubeba jina la seva hiyo mfano wa nisba, kama wanazuoni wa pwani walivyobeba majina ya miji yao. Chumba huweza kuishi baada ya seva kufa, lakini nisba haiishi. Mwezi Aprili 2019, wavamizi walipoingia katika seva kubwa ya matrix.org, wote waliosajiliwa humo waliondolewa kwa mara moja, na wale ambao hawakuwa wameweka nakala ya funguo zao hawakuweza tena kuusoma ujumbe wao uliofungwa kwa siri. Wa seva nyingine waliendelea na mazungumzo. Mtu aliyeambiwa tu kwamba yuko katika shirikisho angeelezaje kilichompata yeye na kisimpate jirani yake?

Kwa hiyo tunapendekeza kipimo kimoja kwa wafasiri, kabla ya orodha yoyote ya istilahi: watunge tangazo fupi ambalo jumuiya ingelibandika kwenye mlango wa chaneli yake. Sisi tumejaribu hivi. «Seva hizi zimetolewa na wafadhili, nao wanaweza kuzichukua. Waendesha mtandao ni watu wa kujitolea, na majina yao yapo hapa. Jina la mtandao limesajiliwa kwa chama, si kwa mtu. Daftari la majina yenu ni amana, na nakala yake iko kwa watu watatu. Mazungumzo hayahifadhiwi.» Mwanafunzi wa kidato cha pili atalielewa, na mwanasheria hatalikataa. Atakayeweza kulipunguza atuletee.

Limebaki neno moja dogo. Wengi siku hizi huandika kwamba huduma hizi hufanya kazi kwa wakati halisi. Halisi ni kinyume cha bandia, na sisi hatujauona wakati wa bandia. Mubashara limekwisha kushikwa na redio na televisheni kwa matangazo yaendayo hewani, na liachwe huko. Papo kwa papo lipo, lina miaka mingi, na tumelitumia tangu kichwa cha makala haya.